Nambari Moja Kwenye Google Haiuzwi

Ripoti ile ilikuwa na kurasa 14, imejaa vishale vya kijani vinavyopanda. Dada yangu aliniletea akiwa na uso wa mtu mwenye shaka asiyotaka kuitamka. "Mdogo wangu, hebu niangalizie. Wanasema maneno yangu 9 yote yako nambari moja Google. Sasa mbona simu haiiti?"

Ana tovuti ya kufundisha ushonaji. Kwa miezi 7 alikuwa akiilipa kampuni moja ya SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya Google, kila mwisho wa mwezi, bila kuchelewa hata siku moja.

Nikayasoma yale maneno ya utafutaji polepole. Mawili yalikuwa jina la biashara yake mwenyewe, ambalo lingekuwa juu hata asingelipa mtu. Yaliyobaki 7 yalikuwa misururu isiyo na kichwa wala miguu, ya aina ya "kozi bora ushonaji nguo watoto wanaoanza jioni mtandaoni". Nani anatafuta hivyo? Ndiyo maana kushika nafasi ya kwanza hapo ni rahisi: huna wa kushindana naye, wala wa kukuona. Kila tarakimu kwenye ripoti ile ilikuwa sahihi, na ripoti nzima ilikuwa uongo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja. Mtoa huduma wa SEO asiye mwaminifu hutamtambua kwa kuangalia matokeo peke yake, maana hata mkweli anaweza kufanya kazi nzuri na matokeo yakachelewa. Mwangalie anakuzuia kuona nini.

Google wana chombo cha bure kiitwacho Search Console. Kinaonyesha watu waliandika nini mpaka tovuti yako ikatokea, ilitokea mara ngapi na ikabofywa mara ngapi. Mwenye tovuti ndiye anayepaswa kuwa mmiliki humo, fundi anaongezwa tu kama mtumiaji. Kwa dada mambo yalikuwa kinyume. Akaunti ilikuwa kwenye barua pepe ya kampuni, na kila alipoomba kuingia alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya kiufundi, yatamchanganya. Jibu hilo linaniudhi mpaka leo. Mtu anayekata koti lenye bitana na likakaa sawasawa mabegani hashindwi kusoma jedwali. Bahati nzuri domeni, yaani anwani ya tovuti, ilisajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo tulithibitisha umiliki wenyewe tukaingia. (Domeni yako wewe iko kwa jina la nani? Kama hujui, kaangalie kabla hujaendelea kusoma.)

Yale maneno 7 hayakuwamo kabisa kwenye orodha ya utafutaji. Tukafungua ukurasa wa linki, na hapo dada akanyamaza. Mamia ya linki kutoka tovuti za kamari, za dawa, za lugha ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezielewa, zote zikielekeza kwenye darasa lake la ushonaji.

Ili kuelewa kwa nini mtu afanye hivyo, lazima urudi mwanzo. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao kuu lilikuwa kwamba linki ni kama mtu kumpendekeza mwenzake: ukurasa unaotajwa na wengi, hasa na wenye heshima zao, una uzito zaidi. Palipo na mapendekezo hapakosi wauza mapendekezo. Linki za kununua zikageuka soko, na mwezi Aprili 2012 Google wakatoa sasisho la mfumo wao wa kupanga matokeo, lililoitwa Penguin, kupambana nazo.

Kinachonitia uchungu ni nani anayebeba adhabu. Februari 2006 Google waliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo kwa muda, kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuihadaa injini ya utafutaji huku msomaji akipelekwa kwingine. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua maelfu ya linki zilizokuwa zikiipandisha JCPenney, duka kubwa la Marekani, kutoka tovuti zisizohusiana nalo kwa lolote. JCPenney walisema hawakuwa na habari, wakaifukuza kampuni yao ya SEO. Haikusaidia, wakashushwa kwenye matokeo vilevile. Kampuni kubwa kama hizo zina wanasheria na fedha za kujenga upya. Mwenye darasa la ushonaji ana nini?

Kwa hiyo mtu akikuhakikishia nambari moja, maliza mazungumzo. Google wenyewe wameandika waziwazi kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha hilo, na kwamba kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla ya kuona faida. Anayedai ana mtu wake ndani ya Google anadanganya. Anayekutoza kwa kujaza tagi ya maneno muhimu, ile orodha inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, anakuuzia kitu ambacho Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawakitumii kupanga matokeo. Alama ya Domain Authority, inayokadiria nguvu ya tovuti, nayo ni kipimo cha kampuni ya Moz, si cha Google, na ikipanda haimaanishi umepata mteja hata mmoja. Wapo pia wanaolipia tangazo, wakakuonyesha picha ya skrini wakisema ndiyo SEO. Angalia kama kuna neno la udhamini juu yake.

Mafundi waaminifu wapo, na utapeli huu unawaumiza na wao. Nimewahi kumwona mmoja akitumia siku mbili kutafuta kwa nini kurasa za mteja hazionekani, akakuta mstari mmoja tu wa msimbo uliosahaulika, unaoiambia Google isiziweke kwenye orodha yake. Aliufuta, akamwandikia mteja alichofuta, wapi na kwa nini. Barua pepe yenyewe ilikuwa na mistari sita.

Dada alivunja mkataba. Zile linki tuliziacha, kwa kuwa hapakuwa na onyo lolote la adhabu kwenye Search Console, na linki za takataka Google kwa kawaida huzipuuza. Fundi mpya hakuahidi nafasi yoyote. Swali lake la kwanza lilikuwa: wanafunzi wako hukuuliza nini kabla ya kujiandikisha? Dada akafungua simu, akapandisha jumbe za miezi mingi nyuma, akaanza kuyanakili maswali kwenye daftari: kama cherehani ya mkono inatosha, kama mtu wa mkono wa kushoto atafuata somo, kama kitambaa kikiharibika ataanza upya. Alipofika la 20 aliniomba kalamu nyingine.