Ruzuku za nje: kazi ianze kabla ya tangazo

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Haikuchukua muda, vyombo vya habari nchini Ukraine vikaanza kuwaomba wasomaji wao michango ili visifunge milango. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, RSF, lilieleza kuwa fedha zilizotengwa na Marekani mwaka huo kwa vyombo huru vya habari duniani zilifikia dola milioni 268. Kufika Julai 1, USAID yenyewe, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maendeleo, ilikuwa imeacha kutekeleza misaada.

Ndiyo maana wanahabari na asasi za kijamii wanaulizana kama kuna haja ya kuendelea kukimbizana na feloshipu, yaani nafasi za kulipiwa kusoma na kutafiti kwa muda, na ruzuku za nje. Wapo wanaosema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwaka 2025 umewapa ushahidi wa kutosha. Nawaelewa. Ila hoja yao inaweka kapu moja vitu viwili tofauti: feloshipu anayopewa mtu na ruzuku inayopewa taasisi.

Feloshipu ya Nieman ya Chuo Kikuu cha Harvard ipo tangu 1938, na anayechaguliwa hukaa chuoni mwaka mzima wa masomo. Taasisi ya Reuters ya Oxford nayo huwapokea wanahabari kwa muda mfupi zaidi. Kikubwa kinachotolewa hapo ni nafasi ya kufikiri. Mwandishi anayedaiwa habari tatu kwa siku hawezi kuketi na ripoti ya ukaguzi ya kurasa mia mbili, akalinganisha jedwali la mwaka huu na la mwaka jana, akagundua kuwa mkandarasi yuleyule amelipwa mara mbili. Anasoma muhtasari, anampigia simu msemaji, anatuma habari. Mhariri wake hana kosa, gazeti linasubiri. Mtu huyo akipata miezi kadhaa ya kusoma na kuuliza, faida inabaki kichwani mwake hata mfuko uliomlipia ukifungwa kesho.

Kasoro zipo. Fomu nyingi zinataka Kiingereza fasaha, kwa hiyo mwandishi wa redio ya jamii anayeijua kazi yake vilivyo huchujwa mapema na mwenzake wa jiji kuu akapita. Hata hivyo, nikiulizwa kama mwandishi aombe, jibu langu ni aombe.

Kwenye ruzuku za taasisi sina wepesi huo. Fungua bajeti ya andiko la mradi. Mstari wa semina upo, wa usafiri upo, wa mabango upo. Kodi ya ofisi, umeme na mshahara wa mhasibu vimebanwa vyote kwenye gharama za uendeshaji, yaani zile zisizohusu shughuli moja ya mradi. Kwa miaka mingi kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani ziliiruhusu taasisi isiyokuwa na kiwango maalumu ilichokubaliana nayo kudai kwa ajili hiyo asilimia 10 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Oktoba 2024 kikomo hicho kikapandishwa hadi asilimia 15. Lakini mfadhili huyohuyo anadai hesabu safi, ripoti kwa wakati na stakabadhi ya kila safari. Basi mtu aliyeajiriwa kuwahudumia akina mama wajawazito anashinda akijaza majedwali ya viashiria. Mradi ukiisha mhasibu anaondoka, kumbukumbu zinapotea, na andiko linalofuata linaanza upya.

Linaloniuma zaidi ni namna tangazo la mfadhili la kualika maombi linavyoibadili kazi yenyewe. Asasi iliyoanzishwa kwa ajili ya maji inaona mwaka huu fedha zimeelekezwa kwenye mabadiliko ya tabianchi, inaandika upya malengo yake. Mwaka unaofuata ni taarifa potofu, inaandika tena. Watu wanaochota maji hawakuulizwa mara zote mbili.

Serikali kadhaa zimeidaka hoja hii kwa nia nyingine. Urusi ilipitisha mwaka 2012 sheria ya mawakala wa kigeni, jina ambalo asasi zinazopata fedha za nje na kujihusisha na siasa zilitakiwa kujisajili nalo. Ethiopia, kwa sheria ya 2009, ilizizuia asasi zilizopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje kufanya kazi za haki za binadamu, hadi sheria hiyo ilipobadilishwa 2019. Hapo siungi mkono hata kidogo. Fedha za ndani nazo zina mwenyewe. Mwandishi anayechunguza mgogoro wa ardhi anaweza kumpata mfadhili wa mbali asiye na shamba katika eneo lile, wakati mnunuzi mkubwa wa matangazo ya gazeti lake analo.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe kama kazi hii ilikuwepo kabla ya tangazo. Asasi iandike kwanza, kwenye ukurasa mmoja, itakachofanya hata isipopata senti, na kwa kiasi gani. Ndipo isome matangazo. Linaloingia kwenye ukurasa huo liombwe kwa nguvu zote; linalolazimisha ukurasa ubadilishwe liachwe, hata kama kiasi kinatamanisha. Na linalodai ada ili upokelewe lisikupotezee muda. Kwa kawaida feloshipu ya kweli haimtozi mwombaji.

Baada ya hapo kuna mazungumzo ambayo wengi wanayaogopa, wakidhani mfadhili atakasirika. Fedha zinakuja mwanzoni, au taasisi itumie kwanza kisha irudishiwe? Mhasibu analipwa na nani? Kama ni chombo cha habari, mfadhili ana ruhusa ya kuona habari kabla haijatoka? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na la mwisho hilo likiwa ndiyo, mhariri arudishe karatasi bila saini.