Kiti cha Kudumu Bila Turufu Tusikipokee

Kwenye vibaraza vya kahawa hapa Ujiji kuna hoja inayonichoma: ati Afrika imeshaingia mezani, tutulie. Meza ipi? Umoja wa Afrika uliingia G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, Septemba 2023, sawa, ni hatua. Misri na Ethiopia nazo ziko BRICS, kundi la nchi zinazoinukia kiuchumi, tangu Januari 2024. Lakini G20 haitumi walinda amani Kongo. Hayo ni ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na likishindwa, sisi Kigoma ndio tunaopokea: watu wanashuka botini Kibirizi na godoro lililoviringishwa na sufuria moja, kisha wanapelekwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1996.

Katika Baraza hilo nchi 54 za Afrika zina viti 3, vyote vya miaka miwili miwili. Madai yetu ya Ezulwini, yaani msimamo wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2005, yako wazi: viti 2 vya kudumu vyenye turufu, yaani kura ya kuzuia azimio, na 5 visivyo vya kudumu. Septemba 2024 Marekani ikakubali hivyo viwili, ila bila turufu. Hapana! Azimio linaweza kupata kura 14, mwenye turufu mmoja akapinga, likafa. Mwafrika atakuwa amekaa hapo kushuhudia mazishi.

Wanaosema haiwezekani wakasome kifungu cha 108 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachoeleza jinsi ya kuurekebisha. Kwanza unatafuta theluthi mbili ya Baraza Kuu, nchi 129 kati ya 193, na humo turufu haipo. Halafu theluthi mbili ya nchi ziridhie, zikiwemo zote 5 za kudumu. Hapo ndipo pagumu. Ila mwaka 1963, ilipopigwa kura ya kuongeza viti vya Baraza la Usalama kutoka 11 hadi 15, kati ya wale 5 ni China tu, enzi hizo ikiwakilishwa na serikali ya Taipei, iliyounga mkono. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walipinga; Marekani na Uingereza hawakuegemea upande. Kufikia Agosti 1965 wote 5 walikuwa wameridhia, kwa sababu nchi changa za Afrika na Asia zilishikamana na idadi ilikuwa yao.

Doa letu ni moja: hatujakubaliana nani akalie viti hivyo. Nigeria, Afrika Kusini na Misri, kila mmoja anajiona anastahili. Hilo limalizwe Addis Ababa, kwenye makao ya Umoja wa Afrika, hata kwa zamu, kabla rasimu ya marekebisho haijafika Umoja wa Mataifa New York. Ikifika bila majina, asiyetutaka atauliza swali moja tu, "Nani?", na sisi wenyewe tutaanza kuvutana mbele yake.