Mkapa aliacha gazeti, huku wao hawaachi

Nafanya kazi ya kulea wazee hapa Uingereza, na kuna mzee mmoja kila Jumamosi lazima nimsomee gazeti maana macho yameshakwisha. Siku moja Juni 2023 nafungua Daily Mail nakutana na Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani, safu yake mwenyewe, ndo kwanza katoka bungeni! Mzee akaguna, akasema huyo karudi kazini kwake. Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye trei.

Na ni kweli bana. Johnson katokea magazetini, The Times walimfukuza kwa kutunga nukuu, Telegraph wakampokea wakampeleka Brussels kuripoti, baadae akawa mhariri wa jarida la The Spectator, na 2001 akapata ubunge huku kiti cha uhariri bado kakikalia. Hata akiwa meya wa London Telegraph walikuwa wanamlipa pauni 250,000 kwa mwaka za safu tu na mwenyewe akaziona vihela vidogo. Michael Gove nae hivyohivyo, mwandishi, akawa waziri, 2024 akaenda kuwa mhariri wa The Spectator. Wanaingia wanatoka kama kwa mjomba.

Sasa mie kwetu Masasi. Marehemu baba alikuwa analetewa gazeti la Uhuru na basi, linafika limeshachacha siku tatu, analikunja mara nne anatia mfuko wa shati, jioni analitoa chini ya mkorosho anasoma kwa sauti hata kama hakuna anayesikiliza. 1995 Benjamin Mkapa alivyopitishwa na chama kugombea urais majirani wanashangilia mtoto wa Lupaso, hapohapo Masasi, baba yeye anasema "mhariri wetu huyo". Alimjua toka 1966 anaongoza Uhuru na The Nationalist, halafu Daily News, mpaka 1974 Mwalimu alipomchukua Ikulu awe mwandishi wake wa habari. Toka hapo Shihata, shirika la habari la serikali, kidogo, ubalozi, uwaziri wa mambo ya nje, urais, gazetini hakurudi tena.

Wenzangu huku wananiambia aah lile lilikuwa gazeti la chama, huyo sio mwandishi. Mie sikubali, sababu msomaji wa Uhuru alijua kabisa hili ni la TANU, hakudanganywa, ila huku gazeti la tajiri linamlipa mwanasiasa na bado unaambiwa haya ni maoni huru.

Kinachoniuma ni kingine. Mkapa akiwa rais alikuwa na ile hotuba ya kila mwisho wa mwezi redioni, imepangwa kama tahariri, mwanzo mpaka mwisho, na watu wakilalamika wanaambiwa wavivu wa kufikiri. Kipindi chenyewe ule ukata tuliouita ukapa umekaza, mfukoni hamna kitu, benki ya NBC inauzwa, na baba yangu anabishana na redio! Anainyooshea kidole kabisa, "hapana Ben, hapo umekosea", redio inaendelea tu. Siku moja betri zikaisha katikati akawa anamalizia ubishi peke yake.

Huyu mzee wangu wa huku aliposomewa ile safu mpaka mwisho akanituma kalamu na karatasi, akanitajia barua ya kumjibu Johnson, kurasa mbili, matusi mengine nikayaruka, nikatia stempu nikaposti jioni ileile.