Mkanda ukikatika, aliyetukanwa ni opereta

Wiki hii nimelisikia tena lile neno: "Opereta alikuwa amelala." Kila zinapokumbukwa sinema za zamani za Dar, Tanga, Unguja au Mombasa, watu husimulia foleni ya tiketi, karanga za kwenye kikaratasi, nyimbo za picha za Kihindi walizozishika kwa moyo bila kujua Kihindi. Halafu wanamalizia na yule mtu wa juu, kwenye chumba cha mashine: mkanda ukakatika, pazia likabaki jeupe, ukumbi mzima ukapiga miluzi na kumporomoshea matusi. Miaka imepita, kumbi nyingi zimekuwa maghala, makanisa au magofu, na bado tunamtukana. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kosa halikuwa lake. Mkanda ulimfikia ukiwa umeshachoka.

Tuanze na hesabu. Filamu ya milimita 35 hupita picha 24 kila sekunde, na kila picha ina matundu manne kila upande. Futi moja ina picha 16, kwa hiyo dakika moja inakula futi 90. Rili kubwa ya futi 2,000 inaisha kwa dakika 22. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni zaidi ya futi 16,000: rili nane au tisa, karibu kilomita tano za mkanda, zenye matundu zaidi ya milioni moja kila upande. Tundu moja tu likichanika pabaya, onyesho linasimama.

Na mkanda haupiti mbele ya taa kwa utulivu kama maji mferejini. Unavutwa, unasimama, unavutwa, unasimama, mara 24 kwa sekunde. Kazi hiyo inafanywa na kipande cha chuma kinachoitwa msalaba wa Malta, kinachozungusha gurudumu la meno robo mzunguko kwa kila picha. Magurudumu ya juu na ya chini yake yanazunguka bila kusimama. Ndiyo maana opereta lazima aache kitanzi cha mkanda juu ya geti, yaani pale mkanda unapopita mbele ya taa, na kingine chini yake. Kitanzi cha chini kikipotea, gurudumu moja linavuta wakati lingine limeshikilia. Picha inaanza kurukaruka, na asipowahi, matundu yanachanika.

Sasa fikiria kopi moja ya picha inayozunguka kutoka ukumbi hadi ukumbi, mji hadi mji. Inatosha ukumbi mmoja kuwa na gurudumu lililochakaa, meno yake yamelika na kupinda kama ndoana. Kila jino linapotoka tunduni linakwangua ukingo. Pale ukumbini hakuna anayeona kitu, picha inaisha salama, watu wanarudi nyumbani wamefurahi. Lakini mkanda umeshaumia, na utakatikia kwa opereta wa mji wa tatu. Yeye ndiye atakayetukanwa.

Kibaya kingine ni ukoko. Kopi ikiwa mpya, uso wake wenye picha bado ni laini, na joto la taa linaufanya uache utando kwenye reli za geti. Utando ule unakauka na kuwa mgumu kama ukoko wa sufuria, kisha unaukwaruza mkanda wote unaofuata. Opereta anayejua kazi anafungua geti baada ya kila rili na kuusafisha, na hatumii kisu. Anatumia kijiti au kipande cha shaba nyeupe, maana chuma kigumu kitakwaruza reli zenyewe, na kuanzia hapo kila picha itakayopita itabeba mstari. Ile mvua ya mistari tuliyoizoea kwenye picha kuukuu ilianza na ukoko na vumbi la namna hiyo.

Kazi kubwa ya opereta, basi, haikuwa kuonyesha. Ilikuwa kukagua, na ilifanyika mezani, mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Rili inafungwa kwenye mashine ya kukunjia, mkono mmoja unazungusha, mwingine umebana mkanda pembeni kwa kidole gumba na cha shahada, polepole. Jicho halitoshi. Ni kidole kinachogusa mchaniko, kinachotambua kiungo kilichoanza kuachia. Mkono unasimama. Matundu mojamoja yakiwa yamechanika kuelekea nje, anakata pembeni kwa mkasi na kuuviringisha ule mkato usiwe na kona, kwa sababu kona ndiyo inayonasa kwenye geti. Mchaniko ukishaingia ndani ya picha, hapo lazima akate na kuunga.

Kuunga nako nitakueleza, kwa sababu ndipo ustadi unapoonekana. Mkanda wa asetati, ambayo ni aina ya plastiki, hauungwi kwa gundi ya kubandika. Dawa yake inayeyusha plastiki, na vipande viwili vinashikana vikawa kimoja. Unakata vipande vyote viwili kwenye mpaka wa picha, ukiacha upande mmoja ulimi wa milimita mbili hivi. Ulimi ule unaukwangua mpaka rangi yote itoke na plastiki ionekane angavu, kwa sababu dawa haishiki juu ya rangi. Ukikwangua kidogo, kiungo kitabanduka ndani ya mashine. Ukizidisha, plastiki inakuwa nyembamba na itakatika palepale. Unapaka dawa mpako mmoja, unafunika haraka, unabana kwa sekunde kumi au kumi na tano, unafuta iliyomwagika. Chupa ikiachwa wazi kwenye joto la pwani, dawa inaruka, inayobaki ni nzito na haiungi chochote. Ukikosea hesabu ya matundu wakati wa kuunga, kiungo kitashika vizuri kabisa, lakini picha itapanda au kushuka nusu: miguu ya mtu juu, kichwa chake chini, mpaka opereta azungushe kirekebishi.

Sauti nayo ina yake. Mstari wa sauti umechapwa pembeni mwa mkanda, na sauti ya kila picha iko picha 20 mbele yake, kwa sababu kisomeo cha sauti kiko chini ya geti, hakiko mbele ya lenzi. Kitanzi kikiwa kirefu au kifupi kupita kiasi, midomo na maneno yanaachana. Na kila kiungo kinapopita kwenye kisomeo kinapiga "pu!" kwenye spika. Waliojali walichora pembetatu ya wino mweusi juu ya kiungo, kwenye mstari wa sauti, ili mlio ule ufifie. Ukumbi wa watu mia saba, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mtu alikaa mchana kutwa akichora vipembetatu ili wimbo usikatizwe.

Kisha usiku. Mashine mbili, moja inaonyesha, nyingine inasubiri na rili inayofuata. Kwenye kona ya juu kulia ya picha kinatokea kidoa cha duara kwa picha nne tu, yaani moja ya sita ya sekunde: washa mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kinatokea cha pili: hamisha. Mara saba au nane kwa picha moja ya Kihindi, kila siku.

Huku taa ya kaboni nayo inataka macho. Vijiti viwili vya kaboni vinaunguzana kwa umeme, na kadiri vinavyoungua nafasi kati yao inapanuka. Kuna mota ya kuvisogeza, lakini haiaminiki kwa umeme unaopanda na kushuka. Nafasi ikipanuka mno, mwanga unabadilika rangi kisha unazimika. Ikibana, moto unanguruma na kutema cheche zinazotoboa kioo cha nyuma. Mkanda ukigoma getini na taa ikabaki wazi, picha inatoboka katikati na kukunjamana kama nailoni iliyoangukia kaa la moto. Huo ndio mkanda salama. Ule wa zamani wa naitreti, ambao Kodak waliacha kuutengeneza mwaka 1951, ulikuwa unawaka, na moto wake haukuzimika hata ukitiwa majini, maana unajitengenezea oksijeni yake wenyewe. Ndiyo sababu vyumba vile vilikuwa na milango ya chuma na vidirisha vinavyojifunga.

Unguja kulikuwa na jambo jingine la ajabu: kopi moja, kumbi mbili, usiku mmoja, na mtu wa baiskeli kati yao. Tuseme ukumbi wa pili unaanza nusu saa baada ya wa kwanza. Rili ya dakika 22 ikiisha huku, zinabaki dakika nane kabla ya kuhitajika kule. Toa tatu za kuikunja upya, toa mbili za kuipitisha kwenye mashine. Barabarani zimebaki tatu, katika mitaa ambayo baiskeli na mkokoteni haviwezi kupishana. Mkanda ukikatika mara moja ukumbi wa kwanza, watu wa ukumbi wa pili wanakaa gizani. Na huko nako, nani anatukanwa?

Haya, nakubali: wapo waliosinzia. Wapo waliokata picha nzuri na kuziweka mfukoni, na kila waliyokata ilitoka katika haki ya mtazamaji wa mji uliofuata. Nakubali pia kwamba sinema za dijitali za leo hazichaniki wala hazipati mistari. Lakini hayo hayatupi ruhusa ya kuwafuta watu walioishikilia burudani ya miji yetu kwa vidole vyao, hasa Bara, ambako televisheni haikuingia mpaka mwaka 1994.

Tunazungumza sana kuhusu majengo. Majestic ya Unguja, iliyoanza kama Royal mwaka 1921, watu wanaililia, na ni haki ililiwe. Ila jengo linaweza kuezekwa upya hata baada ya miaka. Ujuzi wa mikono ya mzee wa miaka themanini hauna paa la kurudishia.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama mtaani kwenu, au katika ukoo wenu, yupo babu au mzee aliyekuwa opereta, nenda kwake na simu yako, umrekodi. Ukikuta ana mikebe ya mikanda uvunguni, fungua unuse. Ikitoa harufu ya siki, asetati imeanza kuoza. Itenge na mingine, iweke penye hewa na ubaridi, na usiikunjue kwa nguvu. Usimuulize picha gani ilipendwa zaidi, hilo kila mtu analijua. Tafuta futi sita za mkanda, hata uwe mbovu, umpe mkononi. Mwambie aukague huku amefumba macho. Mwambie aonyeshe unavyopita, kutoka rili ya juu mpaka ya chini, hata kama mashine yenyewe haipo na anachora hewani. Na akifika getini msimamishe, umuulize kile kitanzi alikuwa anakipimaje.