Tramu za Kansas City na Washington: urefu mmoja, hatima mbili

Mwaka 2016 miji miwili ya Marekani ilizindua tramu, yaani treni ndogo za umeme zinazopita barabarani, zenye njia za urefu uleule, takriban kilomita 3.5, na zote mbili zikabeba abiria bure. Washington ilianza 27 Februari kwenye H Street na Benning Road. Kansas City ikafuata 6 Mei kwenye Main Street. Mwaka 2025 viongozi wa Washington waliamua kuachana na yao. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Kansas City ilirefusha yake kwa kilomita 5.6 nyingine. Madiwani wowote wanaobishana kama jiji lao lijenge tramu wangeanzia kwenye jozi hii.

Hoja kubwa ya wapinzani ni bei, na wana haki. Kipande cha kwanza cha Kansas City kiligharimu kama dola milioni 100; cha pili kama milioni 350, yaani zaidi ya milioni 60 kwa kila kilomita. Sehemu nzito ya kazi hiyo haionekani, kwa sababu iko chini ya lami. Reli hufukiwa ndani ya zege, na bomba la maji au la gesi likiachwa chini yake, siku litakapopasuka itabidi zege livunjwe na tramu isimame. Kwa hiyo mabomba huhamishwa kwanza. Hapo ndipo bajeti hupasuka: ramani za zamani zinaonyesha bomba upande huu wa barabara, mafundi wanalikuta upande wa pili, kazi inasimama na mkandarasi anadai fidia. Kuna pia umeme wa volti 750 unaorudi kupitia reli zenyewe. Ukivujia ardhini hula mabomba ya chuma yaliyo karibu, ndiyo maana reli huvishwa mpira kabla ya zege kumwagwa. Anayebana matumizi hapo anaihamishia mamlaka ya maji hasara.

Wapinzani huuliza pia: kwa nini lisiwe basi? Main Street ilikuwa na basi la haraka, MAX, tangu 2005. Na basi hukwepa. Kwenye H Street reli zilipita ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa. Gari moja likivuka mstari mweupe kidogo tu, tramu nzima ilisubiri mwenye gari arudi.

Watetezi wana lao. Tramu moja hubeba watu wapatao 150 kwa dereva mmoja, na sakafu yake iko sawa na jukwaa, hivyo mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kuinuliwa. Wanasema pia kwamba reli huwapa wajenzi wa nyumba imani, maana haihamishwi kama kituo cha basi. Hoja hii naipokea kwa tahadhari. Reli za H Street zilikaa miaka kadhaa bila tramu huku majengo mapya yakiinuka. Upande mmoja unasema reli ndizo zilizoyavuta, mwingine unasema yalijengwa bila abiria hata mmoja kubebwa.

Kutokuwa na njia yake peke yake, isiyoingiliwa na magari, hakutoshi kueleza kwa nini tramu ya Washington ilishindwa, kwani kipande cha kwanza cha Kansas City nacho kilichanganywa na magari. Kwangu jibu liko kwenye miisho ya njia. Ya Washington ilianzia kwenye daraja nyuma ya Union Station, mbali na mlango wa treni, ikaishia kabla ya kukifikia kituo cha metro cha Benning Road, huku basi la X2 likipita barabara ileile na kuendelea hadi katikati ya jiji. Ya Kansas City iliunganisha soko la River Market, ofisi na Union Station, na sasa inafika chuo kikuu.

Kuna na fedha za uendeshaji. Kansas City ilitenga eneo maalumu kando ya reli linalotoza kodi ya mauzo ya asilimia 1 pamoja na tozo ya majengo, wakati tramu ya Washington ilitegemea bajeti ya jiji ya kila mwaka. Lawama moja dhidi ya mpango wa Kansas City ni ya haki kabisa: kura ya kuuanzisha ilipigwa na wakazi wa eneo hilo tu, lakini kodi ya mauzo humkata pia mnunuzi anayetoka mtaa wa mbali ambako tramu haifiki.