Ndoo ya Plamsi

Haya, nimeisikia. Ile voisi ya shemeji yangu kuhusu safari yetu ya Lushoto, dakika tatu na ushee, imetoka kwenye grupu la familia ikafika hadi kwa wauza samaki wa Deep Sea. Asubuhi hii mama wa genge kaniuliza, "Baba, zile plamsi zimebaki?" huku kajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kwa hiyo naandika mwenyewe. Anayosema shemeji yana ukweli, ila kaongeza chumvi. Sikupiga kelele "mama nakufa". Nilisema "mama" tu.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Jumapili tukaamua kuwafanyia Wasambaa hivyohivyo: Lushoto kwenda na kurudi, siku moja. Gari la kuazima, auto. Mimi kwenye usukani, shemeji pembeni yangu, nyuma mke wangu, mwanangu wa miaka sita, na mama mkwe tuliyempitia Muheza akiwa na kapu la machungwa, kana kwamba huko tuendako watu hawajaona tunda.

Kupanda hakuna neno. Segera unakata kulia, unapita Korogwe, unafika Mombo jua linawaka mpaka lami inameremeta, unakata kulia tena na mlima unakumeza. Kilometa 33 hivi za kona juu ya kona, mwamba huku, bonde kule, na mabati ya nyumba za watu yanang'aa chini kabisa. Tukasimama kuyatazama maporomoko ya Soni. Tukaenda Irente, mama mkwe akachungulia ile nyika ilivyolala huko chini, akarudi nyuma hatua tatu. "Mungu fundi," akasema, "lakini mimi nitatazamia hapahapa." Baridi ikamwingia, akavaa sweta la shemeji juu ya kanga mbili.

Tulipotaka kurudi tukanunua plamsi, ndoo ya lita kumi. Nikasema iende kwenye buti. Mama mkwe akakataa, zitapondeka. Akaipakata.

Kushuka ndiko kwenye maneno.

Mimi ni dereva wa Tanga mjini. Mji wetu bapa kama chapati, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Mlima mkubwa niliouzoea ni tuta la barabarani. Kwa hiyo nikaweka D kama niendavyo Chumbageni, mguu nikauweka juu ya breki, na mguu ule ukahamia huko. Chini ya D kuna namba 2 na herufi L. Miaka yote mimi nilijua ni mapambo ya Wajapani.

Na mdomo nao haukutulia. Nilikuwa nawasomesha kwamba Wajerumani mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao, Wilhelm II, na kwamba walipanda huku kulikimbia joto la pwani. Tumeiacha Soni nyuma kidogo, mke wangu akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni wakulima wanachoma mabaki shambani, nikarudi kwa Kaiser. Kona tatu, harufu ipo. Nikasema ni lile lori la mbele. Lori likatuacha, harufu ipo. Nikamtazama shemeji, nikamtazama miguuni, nikamwomba kwa heshima zote avae raba zake. Akavaa. Harufu ipo. (Shemeji, kwa hili la raba nakuomba radhi hadharani. La voisi tutaongea.)

Kisha kanyagio la breki likaanza kulainika. Unakanyaga linazama, kama umekanyaga andazi la moto. Moshi mweupe ukapanda kutoka magurudumu ya mbele ukapita kwenye kioo. Nikavuta hendibreki, nikakanyaga andazi langu kwa miguu yote miwili, gari likasimama penye upana kidogo, gurudumu moja limeingia mtaroni.

Sasa hapa ndipo pa shemeji. Twende taratibu.

Nimezima gari. Nimefungua mlango wangu. Nimeshuka. Moshi unatoka, na kichwani mwangu kuna neno moja tu, tangi la petroli. Nikafungua mlango wa nyuma, upande aliokaa mama mkwe. Mpaka hapo, naomba mkiri, mimi ni shujaa. Yule mama, ambaye kwa haya nilizonazo hata sahani moja sijawahi kula naye, akageuka akaniona mkwewe nimekuja kumwokoa. Uso ukamlegea. Akaninyoshea mikono miwili. Ndoo ilikuwa imekaa mapajani, katikati ya mikono hiyo.

Nikaichukua ndoo.

Nikafunga mlango.

Ndiyo, niliufunga. Sijui kwa nini. Nadhani ni mazoea, nyumbani nagombana na watoto kila siku kuhusu kufunga milango. Nikakimbia. Shemeji anasema hatua hamsini, mimi nasema ishirini, tena za kutelemka, kwa hiyo nyingine zilikuwa za mlima wenyewe. Hata plamsi moja haikudondoka. Hilo kwenye voisi halimo.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa bado ndani, ananitazama kupitia kioo, mikono iko vilevile. Kimya chote kile, mwanangu akauliza kwa sauti ya kusikika Mombo: "Bibi, baba anaenda kuuza?"

Lile lori lililotuacha, kumbe la kabichi, lilikuwa limesimama kona ya chini. Utingo akapanda mbio, akawashusha wote mmoja mmoja, mama mkwe wa kwanza. Mimi nimerudi na chupa ya maji nataka kumwagia magurudumu, nifanye angalau kitu kimoja cha kiume siku hiyo, akaniwahi mkono. "Usimwage! Chuma kimeiva hicho, kitapasuka." Akachungulia ndani, akaona gia, akanitazama kwa huruma.

"Bro, umeshuka na D?"

"Ndiyo."

"Na hii L ulidhani ni ya Lushoto?"

Akanieleza kwamba kwenye mlima ni injini inayolishika gari, breki unagusa na kuachia. Ukiibana muda wote inaiva, mafuta yake yanachemka, na mguu unakosa kitu cha kukanyaga. Alieleza mbele ya mama mkwe, mke na mtoto, nami nimeikumbatia ndoo.

Mengine mafupi. Tulingoja karibu saa nzima chuma kipoe, vijana wakatunyanyua mtaroni, tukateremka na L mwendo wa harusi, fundi Mombo akabadili pedi na mafuta ya breki, pesa ya mafuta ya kurudia tukakopa kwa shemeji. Ndiyo, huyohuyo.

Muheza tulifika saa nne usiku. Mama mkwe akashuka, akaipokea ndoo yake kwa mikono miwili. "Ahsante baba," akasema, "kwa kuziokoa."

Leo mchana konda wa Muheza kaniletea mzigo. Ni ile ndoo, tupu, imeoshwa ikasuguliwa mpaka inang'aa. Nimemuuliza kama kuna salamu, kasema hakuambiwa kitu. Mke wangu kaitazama, kaingia ndani, namsikia anamcheka mtu kwenye simu.