Nyeupe ni Nyeupe

Mimi sikuwa na ugomvi na saidimira, kile kioo cha ubavuni mwa gari. Ilikuwa imechubuka, ndiyo, lakini nionyesheni saidimira isiyochubuka Nairobi hii. Bodaboda akipenya kati yako na matatu pale Jogoo Road hapimi nafasi kwa macho, anapima kwa kioo chako. Kikikunjika, amejua hapatoshi. Haombi radhi. Abiria wake ndiye hugeuka kukutazama, tena kwa jicho la lawama, utadhani wewe ndiye uliyempiga kiwiko.

Tukaishi hivyo, mimi na upele wangu, mpaka mama watoto aliponikumbusha kwamba Jumamosi mahari ya mdogo wake inaletwa kwao Kiambu, na magari yatapangwa pale nyasini, letu karibu na la shemeji. Hakuongeza neno. Mke akishakuzoea haongezi neno, anakuacha umalizie mwenyewe.

Fundi wa Kariobangi alitaka elfu nne kwa kila kioo. Nilipolalamika akasema hiyo ni bei ya rafiki. Nikabaki najiuliza adui wake hulipa ngapi. Nikaamua kazi nitaifanya mwenyewe, pale pale kwenye ploti, Umoja. Kopo la kupuliza, msasa, gazeti. Kuna siri gani?

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini. Nilisema nina msiba. Neno hilo liwekeni akiba.

Nikashuka Kirinyaga Road, ambayo hadi leo watu wazima tunaiita Grogan. Nikamwambia kijana wa dukani anipe rangi nyeupe ya gari.

"Nyeupe gani, bosi?"

Hebu fikiria. Nyeupe gani! Nimekula ugali miaka yote hii, nimekunywa maziwa, sijawahi kuulizwa gani. Akaniambia kuna kibati ndani ya boneti, ukutani nyuma ya injini, kimeandikwa C/TR na mbele yake namba ya rangi, nikaisome nimletee. Gari lilikuwa Umoja. Mimi nilikuwa Grogan. Katikati yetu kulikuwa na foleni. Nikamwambia, "Kijana, nyeupe ni nyeupe." Akanitazama kidogo, kisha akanipa kopo la 040, ile nyeupe ya kawaida. Akaniongezea praima, ile ya kupaka kwanza, na kopo la klia, ile ya juu isiyo na rangi, na akaniambia nichukue msasa wa mia nane.

Mia nane! Kioo kidogo kama kiganja, msasa wa mia nane! Kwenye rafu niliona wa 80, nikaona huo ndio wa mtu mpole. Hakuna aliyenifundisha kwamba msasa huhesabiwa kinyume na kila kitu hapa duniani: namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Wa 80 ni wa kukwangua kutu na puti. Wa 800 ndio wa kulainisha, tena kwa maji. Nilisugua mara mbili tu na saidimira ikawa kama shamba lililolimwa na ng'ombe wawili wasioelewana. Na mitaro ya msasa haifunikwi na rangi. Praima ilipita juu yake na mitaro ikabaki pale pale, sasa imevaa nguo.

Mtauliza kwa nini sikukitoa kifuniko nikakipaka pembeni kwa utulivu. Kwa kawaida kinang'oka, kimeshikwa na vibanio vya plastiki tu. Lakini changu niliwahi kuibiwa mjini mchana kweupe, nikanunua kingine, na kwa hasira nikampelekea fundi akapiga skrubu na ribiti kila upande, kisha akachora namba ya gari kwenye kioo chenyewe. Alinihakikishia kwamba sasa hakuna atakayeking'oa. Alisema kweli. Mwizi hawezi, na mwenyewe hawezi.

Kwa hiyo ilibidi nifunike ubavu mzima wa gari kwa magazeti. Nilikuwa na rundo chini ya kitanda. Nikabandika mlango, kioo cha dirisha, boneti upande mmoja, mbio mbio, bila kusoma. Sikuona kwamba nilizoshika nyingi ni kurasa za matangazo ya vifo. Nyuso za marehemu zikageuka nje, safu kwa safu, wazee wa kofia na akina mama wa vilemba, kuanzia tairi la mbele hadi mlango wa nyuma.

Mama wa nyumba ya tatu alishuka kuanua nguo. Akasimama. Akashika kifua.

"Poleni sana, baba. Ni nani?"

Nami nimeziba pua na mdomo kwa kitambaa kwa sababu ya moshi wa rangi, macho yananitoka machozi. Nilijaribu kueleza. Kilichotoka kilikuwa kikohozi. Akanipiga bega akaenda zake. Kufikia saa kumi, keateka, msimamizi wa ploti, alikuwa ametangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti kwamba tumsimamie jirani yetu, na mia mbili mbili zikaanza kuingia kwenye M-Pesa yangu. Niliwarudishia wote. Karibu wote.

Sasa kupuliza. Maelezo ya kopo yanataka ulitikise dakika mbili ile gololi ya ndani ikilia, ulishike shubiri moja na kidogo kutoka kwenye kioo, upulize nyepesi, usubiri kama dakika kumi, upulize tena. Nyepesi, subiri, nyepesi, subiri. Mwaka gani huu wa kusubiri? Juu yangu mawingu ya Aprili yalikuwa meusi kama sufuria ya kuni. Nilipuliza tabaka tatu kwa wakati mmoja. Rangi ikakaa sekunde moja ikifikiri, kisha ikaanza kuteremka, matone marefu, polepole, yakaganda njiani. Mafundi huyaita machozi. Ukiitazama ile saidimira leo utaibembeleza.

Upepo nao ulichukua fungu lake ukalipeleka kwenye kamba ya nguo. Ilikuwepo sweta ya shule ya kijani kibichi. Hiyo tulishaimaliza, niliilipa. Ndiyo sababu nasema karibu wote.

Mvua ikaja dakika ishirini ikaenda. Gari nilikuwa nimelisukuma chini ya kibaraza, nikajiona mjanja. Giza lilipoingia nikapuliza klia kwa mwanga wa taa ya ukutani. Ila mtu aliyekulia nchi hii anajua ni nani hutoka ardhini baada ya mvua na huenda wapi akiona taa. Kumbikumbi! Walitua kwenye klia mbichi kama wageni wa harusi kwenye pilau. Nilijaribu kumtoa mmoja kwa kucha. Yeye akatoka, mabawa yakabaki. Yako humo hadi leo, yamehifadhiwa vizuri kuliko vitu vya makumbusho.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniua ni asubuhi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua lake halina siri. Lilipopiga ubavuni nikaona gari la rangi ya maziwa lala yaliyotulia, yenye mng'ao wa ndani, na juu yake saidimira nyeupe kama mlango wa friji. Nikafungua boneti kwa mikono inayotetemeka. C/TR: 070. Nyeupe ya lulu, inayopakwa kwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, kisha tabaka lenye chembechembe za kung'aa, kisha klia. Gari langu lilikuwa na lulu miaka yote hii na hakuna aliyeniambia!

Kiambu niliegesha chini ya mparachichi, kwenye kivuli kizito, mbali na wote. Shemeji akaja kunisalimu, akaiangalia saidimira, akanyamaza kwa heshima. Afadhali angecheka.

Jumatatu tukarudi kwa fundi wa Kariobangi. Bei ya rafiki imekuwa elfu sita, kwa sababu kwanza lazima akwangue. Akapitisha kidole kwenye mitaro, kwenye machozi, akasimama kwenye bawa moja akainama kulitazama.

"Mzee, nani alikufanyia kazi hii?"

"Kuna jamaa mmoja huko Umoja."

"Usiniambie ulimlipa."

Mama watoto akateremsha kioo cha dirisha.

"Hakulipwa," akasema. "Lakini anakula kwangu."